Kwa Niaba ya Dakta Kemilembe

Siku walipomvisha Dakta Kemilembe Byabato kilemba cha ukoka, alikivaa kichwa juu na akashukuru.

Si kosa lake kudanganyika. Kwa miaka thelathini na sita alikuwa ameingiza mkono wake wa kushoto, mpaka begani, ndani ya ng'ombe wa Karagwe, akipapasa vizazi na mifuko ya mayai kwa vidole vilivyojua kusoma kile ambacho macho hayakioni. Leo Shirika la Mbegumoja lilikuwa limejenga jengo la vioo kando ya josho la Rwentuha na kuandika jina lake juu ya mlango kwa herufi zinazowaka mchana kweupe. Palikuwa na mahema, viti vilivyofungwa utepe, na droni ya matangazo iliyokuwa ikielea juu ya watu ikimsifu bila kupumzika. Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri mwaka wa tatu mfululizo, na malisho yalifika magotini.

Kitu kimoja tu hakikuwapo, naye alikigundua akiwa ameshika maua mkononi. Hapakuwa na ndama. Ng'ombe zaidi ya mia walikuwa wamesimama pale joshoni, pembe zao ndefu zikigongana, na chini yao hapakuwa na ndama hata mmoja wa kusingiziwa.

"Katika ule Ukame wa Miaka Minne," alikuwa akihutubia Daktari Anyosisye, mkurugenzi wa Kituo cha Uzazi wa Mifugo baada yake, mtu aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, "ng'ombe wetu wangebeba mimba katika njaa, wangekufa na ndama tumboni. Nani aliwapa mapumziko? Nani alibuni Tulizo?"

Watu walipiga makofi kwa adabu. Mwanamke mmoja aliyesimama mbele na ng'ombe mwekundu wa kahawia hakupiga.

"Mama, huna mikono?" mtu wa itifaki alimnong'oneza.

"Ninayo. Nimeshikia kamba," alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka mahema ya nyuma. Alikuwa Ma Asiimwe, mjane wa makamo. Ukame ulikuwa umemmalizia ng'ombe kumi na wanne. "Dakta, wewe ndiye uliyemfunga ng'ombe wangu. Mfungue, halafu nitakupigia makofi mpaka viganja vivimbe."

Anyosisye alicheka kicheko cha mkutanoni, akashuka jukwaani na kisomeo mkononi. Alikigusisha kwenye shina la sikio la ng'ombe, mahali palipokuwa na uvimbe mdogo kama punje ya haragwe. Kisomeo kikasema kwa sauti ya kike isiyo na haraka: "Tasa. Chanzo, lishe duni. Aondolewe malishoni kabla ya mwisho wa mwezi."

"Lishe duni!" Ma Asiimwe aliwageukia watu. "Waitu, jamani, mtazameni! Bihogo ana mafuta kuliko mgeni rasmi!"

Watu wakacheka. Mgeni rasmi hakucheka. Dakta Kemilembe naye hakucheka, maana alikuwa akimtazama Bihogo. Manyoya yalimeremeta, mbavu hazikuonekana, macho yalikuwa maangavu. Kama huyo ana lishe duni, basi yeye ni padri.

"Nipeni glavu," alisema.

Walitazamana. Walifungua makabati ya jengo jipya, wakapekua hadi stoo. Kituo kizima cha uzazi wa mifugo hakikuwa na glavu moja ndefu, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyekuwa bado akiingiza mkono ndani ya ng'ombe. Kisomeo kilikuwa kinajua kila kitu. Hasira ya kwanza ilimpanda hapo, nayo ilikuwa ndogo bado. Alivua saa na pete, akapandisha mkono wa gauni lake la kitenge hadi begani, akaomba sabuni na maji, akamfuata Bihogo kibanioni, kwenye uzio mwembamba wa mbao wa kumbana ng'ombe, na viatu vyake vya sherehe.

Alifumba macho kama alivyozoea. Kizazi kilikuwa kitupu, chenye afya. Akateremka kushoto, mfuko wa mayai ukawa mdogo na umelala. Akahamia kulia, na vidole vikasimama. Kinundu kilikuwa pale, laini na duara kama tunda la kahawa lililoiva.

Alikifahamu kinundu kile kuliko alivyoufahamu uso wake. Kazi ya kinundu ilikuwa kudanganya. Mwili wa ng'ombe ukikihisi huamini una mimba, basi hunyamaza. Joto haliji, dume hageuzi hata shingo. Kwa ng'ombe wa kawaida kinundu huyeyuka chenyewe baada ya wiki mbili na ushee. Kidonge cha Tulizo sikioni kilikizuia kisiyeyuke. Lakini yeye alikuwa amekiachia mlango. Ng'ombe akila majani mapya ya mvua kwa siku kumi, damu hubadilika, kidonge hunyamaza, kinundu huyeyuka, na ng'ombe hurudi katika mambo yake. Ukame ufunge, mvua ifungue. Hilo ndilo lililokuwa wazo zima, nalo ndilo lililompatia medali nne. Na sasa ilikuwa mvua ya mwaka wa tatu.

Alitoa mkono. Juu yake droni ilikuwa ikieleza jinsi alivyopenda wafugaji.

"Huyu si tasa," alisema. "Huyu amefungwa."

*

"Haukuzibwa, Mama," Anyosisye alisema ofisini, akimsogezea kiti. "Ule mlango wa majani tuliuboresha."

"Mliuboresha ukawa ukuta?"

"Ukawa na utaratibu." Alikuwa na tabia ya kushusha sauti kila mwenzake alipopandisha, ili yule mwingine aonekane mkorofi. "Ng'ombe anafunguliwa siku ile anayopandikizwa kiinitete cha Mbegumoja. Kisomeo kinatuma ishara, kinundu kinayeyuka, kiinitete kinaingia. Nchi nzima itakuwa na kizazi kimoja bora. Lita ishirini na tano kwa siku, Mama. Wewe ulikuwa unaota lita nane."

"Na Bihogo?"

"Atabeba mimba kama wenzake."

"Mimba ya ng'ombe wenu."

"Tumbo ni tumbo, Mama."

Alimtazama mtu huyu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika pipeti. Alitamani kumzaba kibao, na hakuona aibu ya kutamani hivyo.

"Na ndama ni wa nani?"

"Ameandikishwa kwa Shirika. Mfugaji anamlea, anakamua, anafaidika. Hawezi tu kumtoa nje ya boma lake."

Hapo ndipo alipoelewa makofi yasiyopigwa. Ma Asiimwe hakumnunua Bihogo. Alipewa na rafiki wa marehemu mumewe baada ya ukame kumwacha mikono mitupu, kwa desturi ambayo kila mtu wa vilima vile aliijua: unapewa ng'ombe, unamlea, maziwa ni yako, na mtamba wa kwanza, yaani ndama jike, anarudi kwa aliyekupa. Mtamba huyo akirudi, watu wale wawili wamekuwa ndugu. Asiporudi, mpokeaji ameung'ata mkono uliomlisha. Mbegumoja walikuwa wameipiga marufuku desturi hiyo bila hata kujua kwamba ipo.

"Nani aliidhinisha?" aliuliza.

Anyosisye alipiga simu masijala. Mambo yote ya Kituo yalikuwa yamehamia kwenye mitambo miaka mingi iliyopita, lakini kila kilichohitaji sahihi kilikuwa bado katika karatasi, ndani ya jalada la kijani lililofungwa kamba. Mtunza masijala alilileta akalifungua ukurasa wa arobaini na tatu.

Barua ilikuwa fupi. Iliruhusu kuondolewa kwa kichochezi cha malisho katika Tulizo. Chini palikuwa na sahihi ya Anyosisye, na mbele yake herufi tatu ambazo ofisi zote za nchi hii huzipenda kuliko chumvi: K.n.y. Kwa niaba ya Mkurugenzi, Dakta Kemilembe Byabato. Muhuri wa zambarau ulikuwa wake, ule aliokuwa akiuacha kwenye droo ya katibu muhtasi kila aliposafiri kupokea medali.

"Umeghushi!"

"Soma pembeni, Mama."

Pembeni, kwa kalamu nyekundu na mwandiko wake mwenyewe uliolala kulia, palikuwa na neno moja. Nimeona. K.B.

Aliikumbuka siku ile, au alikumbuka siku mia zinazofanana nayo. Unarudi safarini, majalada arobaini yamekusubiri, simu iko sikioni, na unaandika Nimeona, Nimeona, Nimeona, huku ukimwuliza mtu wa upande wa pili habari za watoto. Kila mkubwa wa ofisi amefanya hivyo. Alikuwa ameliandika neno hilo mara elfu na hakuwa ameona kitu.

"Kwa hiyo ukisema nje kwamba ng'ombe wamefungwa," Anyosisye alisema taratibu, "utaulizwa nani aliyewafunga. Jina liko juu ya mlango."

*

Palikuwa na njia nyingine moja ya kukiondoa kinundu, na ilikuwa ya aibu.

Zamani, kabla ya dawa, wahimilishaji, wale wapandishaji wa ng'ombe kwa mbegu, walikuwa wakiingiza mkono, wakakishika kinundu kati ya vidole viwili, na kukiminya mpaka kikachomoka. Ng'ombe alipata joto siku ya tatu. Lakini pale kilipochomoka palibaki kidonda kinachovuja damu tumboni, na katika kila ng'ombe ishirini, mmoja alikufa amesimama. Dakta Kemilembe ndiye aliyeipiga vita njia hiyo. Aliandika kitabu cha mafunzo dhidi yake. Aliwafukuza watu kazi. Mmoja wao alikuwa Gosbert Kaijage, mhimilishaji wa pikipiki aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote, na ambaye leo ndiye yule rafiki aliyempa Ma Asiimwe ng'ombe.

Alimkuta nyumbani kwake Alhamisi asubuhi, akianika kahawa. Ma Asiimwe alikuwa amefika kabla yake na kukaa kwenye mkeka.

"Karibu, Dakta," alisema Gosbert, ambaye kwa heshima ya huku wote walimwita Ta Gosbert. Alimpa kigoda, akaendelea kuchambua. Hakumpa kahawa ya kutafuna. Katika nyumba za huku hata mtu aliyekuja kugombana huwekewa mbele punje chache za kahawa iliyochemshwa na majani na kukaushwa. Kutokupewa ni kuambiwa waziwazi jinsi unavyoonekana.

Dakta alieleza kila kitu. Hakuruka neno la kalamu nyekundu.

"Nilijua ni kinundu," Ta Gosbert alisema alipomaliza. "Nimemtazama Bihogo mwaka mzima. Ningeweza kumfungua kwa dakika mbili."

"Mbona hukumfungua?"

Aliingia ndani akatoka na bahasha ya nailoni. Ndani yake palikuwa na barua, imekunjwa mara nne, imeanza kukatika kwenye mikunjo. "Kwa sababu uliniandikia. 'Kuanzia leo usiingize mkono wako ndani ya mnyama yeyote.' Miaka ishirini na moja. Ng'ombe wangu mwenyewe alipozaa kwa shida, nilimwita jirani. Watu walinicheka. Nikawaambia Dakta anajua kuliko sisi."

"Nilikuwa sahihi, Ta Gosbert. Uliua ng'ombe wa watu."

"Niliua mmoja. Wewe umenyamazisha wilaya nzima kwa neno moja."

Ilimuuma kwa kuwa ilikuwa kweli, na ilimkasirisha kwa kuwa yule aliyepaswa kuambiwa maneno hayo alikuwa ofisini anakunywa chai ya tangawizi. "Basi nisaidie," alisema. "Mkono wako ni mzuri kuliko wangu."

"La. Barua haijafutwa." Aliirudisha katika bahasha. "Nitakuja kushika saa. Kuminya utaminya wewe, mbele za watu, wewe uliyesema ni ushenzi."

Ma Asiimwe aliwakatiza kutoka mkekani, "Mnagombana kama vile ng'ombe ni wenu. Dakta, niambie mimi. Anaweza kufa?"

"Anaweza. Mmoja katika ishirini. Na nafasi ni moja, Ma Asiimwe. Kidonge bado kiko sikioni. Asiposhika mimba katika joto hilo, kinundu kinarudi."

"Nikimwacha?"

"Kabla ya mwisho wa mwezi lori litamchukua. Au utakubali kiinitete chao."

"Nikikubali, nitamrudishia nini huyu?" Alimwonyesha Ta Gosbert kwa kidevu. "Nimpe ndama wa Shirika, polisi wamfuate? Alinipa ng'ombe wake wa mwisho, Dakta. Wa mwisho. Mpaka leo ananywa chai ya rangi." Alinyanyuka akakung'uta sketi. "Mminye. Akifa, nitajua alikufa wa kwetu."

*

Walimminya Bihogo siku ileile, kibanioni, na watu kama thelathini wakitazama. Ta Gosbert alikuwa amehifadhi glavu ndefu za zamani ndani ya ndoo yenye poda ya mtoto, paketi nzima, miaka yote ile.

Dakta alieleza kwa sauti kila alichofanya, kama aliyekuwa darasani. "Nimekishika. Kidole gumba huku, cha shahada huku. Sasa nakaza." Alikaza. Kinundu kiliteleza mara mbili. Mara ya tatu kikachomoka chini ya vidole vyake kama punje ya kahawa inayotoka kwenye ganda, na mara hiyo akafunga vidole juu ya kidonda na kubana. "Hapa ndipo wengi walipokosea. Walitoa mkono. Usitoe. Bana dakika tano. Ta Gosbert!"

"Ya kwanza," alisema Ta Gosbert, macho kwenye saa.

Zilikuwa dakika tano ndefu. Mkono ulikufa ganzi, jasho lilimwingia machoni na hakuwa na wa kumfuta. Ilipotimu ya tano aliutoa, akafunua mdomo wa Bihogo akatazama ufizi. Ulikuwa wa waridi; damu haikuwa ikivuja. Walikaa naye mpaka alasiri, wakifunua ufizi kila baada ya nusu saa, na alasiri Bihogo alichoka kufunuliwa mdomo akamsukuma Dakta kwa pembe.

Jumapili, watu walipokuwa wanatoka ibadani, Bihogo alianza kulia na kuwapanda wenzake. Madume ya Rwentuha, yaliyokuwa yamenenepa kwa kukosa kazi, yaliinua vichwa. Ma Asiimwe alikimbia barabarani na kitenge chake cha kanisani akipiga vigelegele kama mama wa bibi harusi, na hakuna aliyemwambia nyamaza.

*

Jumanne wafugaji walikuja na ng'ombe arobaini na mmoja.

Dakta aliwapanga wenye ng'ombe kwanza, kabla ya ng'ombe. "Sikilizeni vizuri. Nikiminya wote hawa, wawili watakufa. Sijui ni wepi. Asiyeweza kubeba hilo arudi nyumbani, wala hatachekwa." Watu saba waliondoka. Aliwashukuru.

Wa kwanza akapona, wa pili, wa tatu. Wa nne alikuwa mweupe mwenye pembe zilizokutana juu kama mikono inayoomba, mali ya mzee mpole aliyeitwa Ta Rwechungura. Kinundu kilitoka bila shida. Dakta alibana dakika tano, akaongeza mbili. Alipofunua mdomo ufizi ulikuwa mweupe kama karatasi. Yule ng'ombe alitetemeka miguu ya nyuma, akakaa, akalaza shingo, na kabla watu hawajaelewa alikuwa amekwisha kufa.

Ta Rwechungura alichuchumaa akaweka mkono kati ya pembe.

Ndipo walipoisikia droni. Ilitokea upande wa jengo la vioo, ikaja ikasimama juu ya kibanio, na sauti iliyotoka humo ilikuwa ya Dakta Kemilembe Byabato. Kukohoa kwake kulikuwamo, na lafudhi yake ya Kinyambo aliyokuwa nayo kwenye herufi za mwisho.

"Wananchi wa Rwentuha," sauti yake ilisema, "mimi Dakta Kemilembe nimewachunguza ng'ombe wenu na kuthibitisha kwamba ni tasa. Nasikitika kusikia kuwa mtu asiye na leseni, Gosbert Kaijage, niliyemfukuza kazi mimi mwenyewe, anaminya ng'ombe na kuwaua. Toeni taarifa kwa Kituo. Yeyote aliyepata hasara ataandikishwa leo."

Watu waliitazama droni, wakamtazama yeye, wakaitazama tena droni. Baadhi ya macho yalikwenda kwa Ta Gosbert, aliyekuwa amesimama na saa mkononi na viganja vikavu. Nyuma ya umati, kando ya gari lake, Anyosisye alikuwa amekunja mikono. Alimwinamishia Dakta kichwa kidogo, kwa heshima zote. Alikuwa anampa njia. Mnyama amekufa, mwenye kosa amepatikana, sauti imesema, na yeye hana haja ya kufanya lolote. Anyamaze tu. Walikwisha kumsemea.

Damu ilimchemka mpaka masikio yakawasha. Walikuwa wamechukua muhuri wake, wakachukua jina lake, wakalipandisha mlangoni. Sasa walikuwa wamechukua hata koo lake, wakaliweka kwenye chombo cha plastiki liseme uongo kwa lafudhi ya mama yake.

"Hiyo si mimi!" alipiga kelele, na kelele ile haikuwa na lafudhi ya darasani hata kidogo. "Mimi niko hapa, nimejaa mavi mpaka begani! Anyosisye, njoo! Usisimame huko kama mpiga picha. Njoo na ile fomu ya mzoga."

Hakuja. Mtu wa itifaki ndiye aliyeileta, akikimbia nayo kana kwamba inamuunguza. Dakta aliiweka juu ya tako la ng'ombe mweupe, ambalo bado lilikuwa na joto, akavua glavu, akaomba kalamu. Alisoma alichokuwa akiandika, neno kwa neno.

"Mmiliki, Rwechungura. Sababu ya kifo, kuvuja damu baada ya kuminywa. Ng'ombe hakuwa tasa. Alifungwa na Tulizo, baada ya mlango wa malisho kuondolewa kwa barua iliyo kwenye jalada, ukurasa wa arobaini na tatu." Alipumua. "Barua hiyo niliiona. Sikuisoma. Aliyeminya ni Kemilembe Byabato."

Chini ya fomu palikuwa pamechapwa tayari, ili kurahisisha kazi, herufi zile tatu na nukta zake. Ta Gosbert, aliyekuwa amekuja kusimama begani kwake, aliweka kidole pale.

"Na hapa pa kwa niaba?"

Dakta alizikata herufi zile kwa mstari, akaurudia mpaka karatasi ikatoboka. Akatia sahihi chini yake. Muhuri hakuwa nao, wala hakuutafuta.

"Ta Rwechungura," alisema, "nimemuua mimi. Si huyu."

Mzee aliendelea kupapasa paji la ng'ombe wake. "Alikuwa mpole," alisema. "Hakuwahi kumpiga mtu teke." Akainuka taratibu, akimwegemea ng'ombe wake, akawageukia waliokuwa nyuma yake kwenye foleni. "Haya. Mnangoja nini? Mleteni wa tano."

Kisha kamba moja ikavutwa, na kwato zikasikika kwenye mbao.

Dakta aliinua mkono wake wa kushoto akaona vidole havikunjiki. Ta Gosbert aliona pia. Alitoa bahasha ya nailoni mfukoni, akafunua ile barua ya miaka ishirini na moja, akaigeuza upande usioandikwa na kumwekea juu ya mzoga, pale pale palipokuwa fomu. Dakta aliandika neno moja, Nimekosea, akaweka jina lake lote, si herufi mbili.

Ta Gosbert aliisoma. Aliisoma tena kwa utulivu, kama mtu aliyewahi kudhulumiwa na wasiosoma. Kisha akaikunja mara nne, akapandisha mkono wa shati, na kwa vidole vyake vikavu akatoa mfukoni punje ya kahawa ya kutafuna, akamwekea Dakta mdomoni, kwa kuwa mikono ya Dakta ilikuwa michafu.

"Shika saa," akasema, akachukua glavu.